Mtoto Asingoje Kuambiwa Matangani

Msikilizaji, hata kama uko jikoni, ongeza sauti. Narudia lile lile, maana kila nikienda matangani nalikuta: mtoto aliyeasiliwa anaambiwa mbele za watu kwamba si wa damu. Mlezi amezikwa asubuhi, jioni ndugu wanahesabu viti na vitanda, na shangazi anamtupia binti wa gredi ya sita, "Wewe uliokotwa tu." Aibu gani hii!

Lakini wazazi, nyinyi ndio mliomwachia shangazi maneno hayo. Kwa nini mnaficha?

Chukueni habari za George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo aliyewahimiza wakulima weusi wa Alabama, Marekani, wapande karanga na kunde, ardhi ipate nafuu baada ya kuchoshwa na pamba. Alizaliwa mtumwa huko Missouri, yapata 1864. Wavamizi walimwiba pamoja na mama yake, Mary. Mtoto akarudishwa, mama hakuonekana tena. Moses na Susan Carver, wazungu waliokuwa wamemnunua Mary, hawakujaliwa mtoto. Wakamlea George na kaka yake. Uovu wa kununua watu siufuniki. Ila kijana alikua akijua mama yake ni nani na kwamba aliibwa. Susan alimfundisha kusoma, na alipokwenda mji wa Neosho kutafuta shule, akapokewa na Mariah Watkins, mkunga, naye pia hakuwa na mtoto.

Carver hakuoa wala hakuzaa. Mwaka 1935 alikuja mkemia kijana, Austin Curtis, kumsaidia kazi katika chuo cha Tuskegee, huko Alabama, na mzee akampenda kama mwanawe mpaka alipofariki 1943.

Habari ya karatasi za kuasili ni fupi: nenda ofisi ya watoto, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 ina utaratibu.

Na wale wanaoleta mtoto wa ndugu kutoka shamba, wakasema wanamlea, kumbe anaosha masufuria usiku wenzake wakisoma! Huyo mmemfanya mtumishi asiye na mshahara.

Nirudi kwa mtoto wa kuasili: mwambieni ukweli mapema, angali anauliza maswali yake ya utotoni. Mama mmoja alinijibu, "Atanikimbia." Atakimbilia wapi, mama, na wewe ndiye uliyekesha na homa zake? Na kuhusu urithi, Waislamu, mnajua mtoto wa kulea harithi kama wa kuzaa, lakini wasia hadi theluthi ya mali unaruhusiwa. Uandikeni mkiwa wazima, mbele ya mashahidi, na hao ndugu wausikie sasa.