Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, Mchunguzi wa Vyakula
(Maneno ya wakatekista siku ya Yubile ya Parokia)



Tumeombwa kusema juu ya mlei mmoja wa jimbo letu la Goma, na tumefurahi kumchagua mtu ambaye kazi yake haikuwa ya altareni. Floribert Bwana Chui alikuwa mtu wa biro, wa kalamu na muhuri, aliyechungua vyakula vinavyopita mpakani. Katika kazi hiyo wapo mafundi wa kemia, wale wanaoshika chupa na mizani katika laboratwari. Yeye alisomea sheria. Lakini fundi wa kemia aweza kuandika vizuri kabisa kwamba chakula hiki ni kibovu, na karatasi yake ikalala sandukuni, ikiwa hapana mtu wa kutia sahihi na kuisimamia. Mtu huyo alikuwa Floribert.

Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Jina lake lina uzito masikioni mwetu, maana kwa wazee wa msitu wa Walikale chui ni mnyama wa mwami, na ngozi yake haikaliwi na kila mtu. Alipokuwa mwanafunzi aliingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanza Roma mwaka 1968, akawa anakusanya watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo, akiwafundisha na kuwatafutia nafasi shuleni. Baadaye akapata kazi katika OCC, ofisi ya Serikali ya kuchungua bidhaa. (Wenye mvi kati yetu waliizoea kwa jina la OZAC, kwani iliundwa mwaka 1974, zamani za Zaire.) Mwaka 2007 alikuwa Goma, na wajibu wake ulikuwa juu ya vyakula vilivyoharibika.

Ni vizuri tuelezane jinsi uchunguzi huo unavyofanyika, kwa sababu wengi hudhani ni kutazama tu na kupiga muhuri. Mzigo ukifika, mchunguzi mwema haridhiki na gunia la juu. Anachoma la juu, la katikati na la chini, anatwaa punje kidogo kidogo, anazichanganya, na sehemu inapelekwa laboratwari. Huko wanapima unyevu. Mchele ukiwekwa siku nyingi na unyevu uliopita 14 hivi kwa mia, kuvu huota, na kuvu za namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Mama aweza kuosha mchele mara tatu, akaupika mpaka uive sana, naye akawapa watoto sumu ile ile. Kazi yake ni kuharibu ini, polepole au kwa haraka. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa.

Sasa tujiulize, mchele wa mpaka wa Goma huliwa na nani? Katika miaka ile ulipakiwa juu ya Fuso, ukapita Sake, ukapanda milima ya Masisi. Mwingine ulipanda ndege ndogo mpaka Kilambo, ukaliwa na wachimbaji wa Walikale. Kwa hiyo alipolinda mpaka wa Goma, alilinda sahani zetu, ingawa hakutujua.

Hapa pana neno gumu, na hatutaki kulipita. Mwaka 2007 vita viliwatoa ndugu zetu wengi wa Masisi vijijini mwao, na njaa ilikuwa nyumbani kwa watu. Je, kuharibu chakula katika nchi yenye njaa ni huruma? Tumesikia watu wakisema: afadhali mchele mbovu kuliko tumbo tupu. Tunawaelewa, maana njaa haina subira. Lakini mwenye mchele mbovu hakuja kuugawa bure. Alikuja kuuuza, na maskini angeununua ugonjwa kwa franka zake za mwisho. Floribert mwenyewe alitaka kujua hakika. Alimwuliza sista mmoja mganga ni madhara gani yangewapata watu wakila vyakula vile. Kisha akakataa fedha alizopewa ili aachilie mzigo upite, akisema kwamba fedha huisha upesi, na wale watakaokula, je, watakuwaje?

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Tarehe 9 mwili wake ulionekana, wenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Wengine wameuliza, hata baada ya Misa hapa kwetu, kwa nini Kanisa limwite shahidi wa imani. Mwenye Heri Isidore Bakanja, kibarua aliyekufa mwaka 1909, alipigwa kwa ajili ya skapulari yake, na jambo hilo ni wazi. Floribert hakuulizwa kama anasadiki Utatu Mtakatifu. Aliulizwa kutia sahihi. Lakini sababu ya kukataa kwake aliitoa katika sala na Injili, na tarehe 25 Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali itangazwe kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Papa huyo huyo alikuwa amemtaja Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, alipokutana na vijana na wakatekista. Sisi wakatekista hatujasahau kwamba mfano tuliopewa siku ile ulikuwa mtu wa biro. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza Mwenye Heri. Wakati ule Goma ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Januari, na barabara zetu zilijua mengi.

Kanisa linamkumbuka tarehe 8 Julai. Tumewaomba Mapadri wetu kwamba siku hiyo wachuuzi wa mchele na wa unga wa soko letu wakae viti vya mbele, pamoja na mizani zao, ili zibarikiwe.