Taa 200 za Ikombe

(Maneno yaliyosemwa Talatala kwa niaba ya kamati ya akina mama, mbele ya wanachama na majirani)



Tuliombwa tuseme machache juu ya namna mtu mwenye shughuli nyingi awezavyo kuipanga siku yake, hata kazi za nyumbani, maandalizi ya safari na kazi za mikono zote zipate nafasi. Tulicheka tulipopokea ombi hilo. Aliyetuletea alitukuta tunapepeta mchele, mabegi ya safari ya Mbeya yamefunguliwa sakafuni, na mwenzetu mmoja ametafuna uzi wa kudarizia akitafuta sindano iliyomwangukia ndani ya unga. Sisi si walimu wa mambo haya. Tunacho kisa kimoja tu, wala si cha kujisifia. Tutakisimulia kwa sababu wengi wenu mmetuuliza kwa nini siku ya maadhimisho ziliwaka taa chache kuliko tulizoahidi.

Mnawajua mama zetu Wakisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema. Kwa wageni waliofika leo kutoka mbali, tuseme kidogo. Pale Milima ya Livingstone inashuka hadi majini kama ukuta, na ardhi ya kulima ni vipande vya mteremko vinavyotosha mihogo. Huku kwetu bondeni mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeshusha udongo mweusi, nasi tuna mpunga, ndizi na kakao. Basi tangu zamani wanawake wa kule wamefinyanga vyungu, wakavipakia katika mitumbwi, wakavileta huku kuvibadilisha kwa chakula. Hata leo, kila Jumamosi, gulio la Lyulilo hujaa vyungu vyao, na kutoka hapo vinakwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Mtafiti Waane aliandika habari za ufinyanzi huo wa Ikombe katika miaka ya 1970, na kazi aliyoieleza bado inafanywa na mikono ya wanawake, bila gurudumu la kufinyangia na bila tanuri.

Sisi tuliwahitaji kwa ajili ya taa. Mnafahamu kwamba katika Navratri tunaweka chungu chenye matundu na taa ndani yake, na katika Diwali tunawasha vitaa vidogo vya udongo vyenye mafuta na utambi wa pamba. Kwa miaka mingi tulivinunua mjini, na baadhi vilikuwa vya plastiki vyenye betri, jambo ambalo wazee wetu walilivumilia kwa adabu. Safari hii, kwa kuwa maadhimisho yetu yaliangukia Aprili, tukasema taa zote zitoke ziwani mwetu. Tukaagiza 200.

Agizo hilo tulilitoa mwishoni mwa Februari. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na kosa ni letu. Tangu Novemba tulikuwa tumekubaliana kwenda Ikombe, lakini kila wiki ilikuwa na lake. Mara sare za shule, mara mgeni kutoka Dar es Salaam, mara hesabu za duka za kufunga mwaka, mara harusi ya Mbeya iliyotuweka jikoni siku tatu tukikaanga tepla, zile chapati za majani ya uwatu ambazo msafiri hula siku nne bila kuharibika. Na tukiwa wakweli, jioni tulizokuwa huru tulizitumia kwa kudarizi. Wengine wetu tunashona toran, pazia fupi la kutundika juu ya mlango, lenye vioo vidogo vilivyozungushiwa nyuzi, kama walivyofanya bibi zetu wa Kutch na Kathiawar. Mwenzetu mmoja, tusimtaje kwani amekaa mstari wa mbele, anashona toran moja huu ni mwaka wa kumi na moja. Imepanda basi kwenda Mbeya, imevuka daraja la Kasumulu kwenda Malawi na kurudi, na bado kona moja haina vioo.

Tulipofika Ikombe tulimkuta mama mmoja mfinyanzi amekaa chini, miguu ameinyoosha, anazungusha chungu kichanga ndani ya kipande cha kigae. Tulimpa tarehe. Hakubishana nasi. Alitazama mlimani kulikokuwa na wingu, akasema, "Mvua ni nyingi. Lakini ninyi ni wageni wangu, nitajaribu." Sisi tukasikia neno la mwisho tu.

Tulibaki pale mpaka alasiri kusubiri ziwa litulie, na ndipo tulipoona siku yake ilivyo. Alikuwa na mihogo iliyolowekwa tangu juzi, usipa walioanikwa juu ya mkeka, mjukuu mgongoni, na vyungu sita vilivyokuwa katika hatua sita mbalimbali. Kimoja kilikuwa bado bonge la udongo. Kingine kilihitaji kupumzika kabla ya kushikwa tena. Cha tatu kilikuwa tayari kusuguliwa kwa kijiwe laini hadi king'ae. Alipoamka kugeuza usipa, chungu kilikauka kadiri alivyotaka. Alipomaliza kumlaza mtoto, chungu kilikuwa kimekubali kuguswa. Tulimwuliza anapata wapi muda wa kufinyanga. Swali hilo halikumwingia, akatujibu kwa heshima kwamba hayo yote ni siku moja. Sisi tuna saa ya kupika, saa ya duka, na kile kitambaa kinachosubiri kikapuni hadi kila kitu kiishe. Na kwa kuwa kila kitu hakiishi, kitambaa kinasubiri. Hata hivyo tusijidanganye kwamba tunafanana naye. Toran isipokwisha, hakuna anayelala njaa kwetu. Vyungu vyake visipofika Lyulilo Jumamosi, hakuna mchele.

Ijumaa ya wiki ile ya Machi tuliyorudi kuulizia, walikuwa wanafungasha. Hatujawahi kuona safari inayoandaliwa kwa uangalifu kama ule. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, nyasi kavu katikati, midomo ikielekezwa upande mmoja, vizito katikati ya mtumbwi na vyepesi kwenye ncha. Wanaondoka kabla ya mapambazuko, maana asubuhi ziwa huwa limelala. Kiangazi kuna jua zuri la kukaushia, lakini ndipo upepo wa kusini, mwera, unapoinua mawimbi. Masika ziwa huweza kutulia zaidi, lakini udongo haukauki. Kwa hiyo hakuna mwezi unaowapa vyote viwili, nao wamezoea kuishi katikati ya hayo.

Taa zetu zilikuwa zimepangwa kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni, kwa sababu nje hapakuwa na jua. Kwa macho zilionekana kavu. Lakini udongo mnene huficha maji ndani, na maji hayo yakikutana na moto wa kuni na nyasi hugeuka mvuke na kupasua ukuta wa chombo. Mfinyanzi alitaka wiki mbili zaidi. Sisi tulimtumia ujumbe mara tatu kwamba kadi za mwaliko zimekwisha kuchapwa. Akazichoma. Katika 200, zilitoka salama 62.

Sasa tufike mahali penye aibu. Taa zilipoletwa, kamati yetu iligawanyika. Baadhi yetu tulisema tulipe 62 tu, kwa maana ndizo tulizopokea. Muuza duka halipwi kwa bidhaa isiyofika. Wenyewe wafinyanzi hawakudai zaidi. Wengine tulisema kuni zimeteketea, udongo umechimbwa, siku zimekwenda, na aliyeharakisha moto ni sisi. Maneno yalikuwa makali. Wawili wetu hawakusemezana mpaka baada ya maadhimisho, ingawa walikuna nazi kwenye sufuria moja. Wapo waliosema kuwa fedha ya hekalu si yetu kuichezea, na hoja hiyo hatuidharau hata leo.

Mwishowe tulilipa zote 200, lakini hatukugusa mfuko wa hekalu. Zile 62 tulizilipia kwa fedha iliyokusanywa kwa ajili ya mapambo. Zile 138 tulizilipia kwa mauzo ya tepla na achari ambayo wengi wenu mlinunua stendi ya Kyela bila kujua mnachangia nini. Mwekahazina ana daftari. Anayetaka kuliona aje meza ya kulia baada ya chai. Kama mnadhani tulikosea kulipa, semeni leo tukiwa hapa, kwa sababu jambo hili litarudi.

Litarudi kwa kuwa tumeagiza tena. Agizo hili tumelitoa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, kwa ajili ya Navratri na Diwali, taa 300 na vyungu vinne vya matundu. Nusu ya malipo imetangulia. Tarehe hatukuitaja, tumesema, "Zikikauka." Mama yule alicheka, akauliza kama kadi za mwaliko safari hii zimechapwa.

Tumewaahidi pia kwamba tutakwenda kuzichukua wenyewe, mwisho wa Agosti. Tutatoka hapa Talatala Ijumaa jioni na kulala Matema, ili Jumamosi alfajiri tuwepo Lyulilo mitumbwi inapofika. Anayekuja alete gunia moja la nyasi kavu, kamba, na kikapu kisicho na tundu. Waogopao maji watabaki gulioni kupokea. Hakuna atakayelazimishwa kupanda mtumbwi wakati wa mwera. Akina baba wamekubali, baada ya mazungumzo marefu kidogo, kubaki na watoto, kufungua maduka na kupika siku mbili. Kumi na wawili wameandika majina yao kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, tumeitoa nakala.

Tepla za njia zitakaangwa Alhamisi. Mwenye kushona aje na kazi yake, kwa maana usiku wa Matema ni mrefu na tutakuwa na taa ya kutosha. Nafasi iliyobaki katika gari ni ya watu watano. Mmoja wao tumemwekea tayari, yeye na ile toran yake.