Simu Inajua Ulipo, Mwenyeji Anajua Njia

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo

 

Leo tuna mambo mawili. La kwanza ni ubao wa kurudisha mwanga. Ubao huu kila mmoja anaweza kujitengenezea nyumbani, apige picha ya mtu ikatoka vizuri. La pili ni simu inayoonyesha njia, na jinsi tulivyopotea kwa kuifuata. Mtauliza, mambo haya yanahusiana nini? Subirini kidogo. Yote mawili yalitukuta katika kazi moja.

Picha iliyokataliwa

Sisi wa elimu ya watu wazima hupiga picha za wahitimu. Siku hizi hatubebi kamera kubwa. Tunatumia simu, kama zile mlizo nazo wengi wenu.

Mara ya kwanza tuliwapanga watu saa sita mchana, jua la utosi. Tulidhani mwanga ukiwa mwingi, picha itakuwa nzuri. Kumbe sivyo. Paji la uso liling'aa, lakini macho yalikuwa mashimo mawili meusi. Chini ya pua kulikuwa na kivuli kama masharubu. Mama mmoja akaitazama picha yake, akasema, "Mwalimu, huyu si mimi. Huyu ni mtu aliyefiwa."

Watu walicheka. Sisi tuliona haya.

Kwa nini ilitokea vile? Jua likiwa utosini, mwanga unashuka kutoka juu. Unafika kwenye paji la uso na pua, lakini hauingii machoni. Tulipowageuza watu wakalipa jua mgongo, mambo yakawa mabaya zaidi. Kamera iliona mwanga mwingi nyuma yao, ikapunguza mwanga wote, na nyuso zikawa giza tupu. Msikubali mtu awaambie kwamba ngozi zetu nyeusi hazitoki vizuri kwenye picha. Ngozi haina kosa. Kosa ni mwanga kutofika usoni.

Dawa tuliipata kwa yule yule mama. Alichukua mfuniko wa sufuria, akaugeuzageuza juani, akautupia mwanga uso wa mtoto aliyekaa barazani. Uso wote ukaonekana. Akasema, "Hivi si ndivyo watoto wanavyocheza na kipande cha kioo?" Kweli, ndivyo. Tulikuwa tumesoma chuoni kwamba mwanga ukipiga kitu hurudi. Lakini siku ile aliyeitumia elimu hiyo ni yeye.

Jinsi ya kutengeneza ubao wa mwanga

1. Tafuta boksi gumu. Likate upate kipande bapa, upana kama sentimeta 60 na urefu kama sentimeta 90.

2. Upande mmoja bandika karatasi nyeupe ya manila. Kama huna, bandika kitambaa cheupe safi.

3. Upande wa pili bandika karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, ile inayoitwa foili. Kwanza ifinyange kwa mikono, kisha inyooshe taratibu. Makunyanzi yale husambaza mwanga. Foili isiyo na makunyanzi hutupa mwanga wa madoa makali.

4. Gundi si lazima ununue. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha. Weka kitu kizito juu, uache ubao ukauke ukiwa bapa.

Namna ya kuutumia

Mtu akae kivulini, karibu na pale kivuli kinapoishia. Au asubuhi na jioni, akae jua likiwa nyuma yake. Msaidizi asimame mbele yake, upande kidogo, hatua mbili hivi, akiwa ameuelekeza ubao kwenye jua. Augeuze taratibu. Mwanga hurudi kama mpira unaopigwa ukutani: ukienda kwa mshazari, utarudi kwa mshazari ule ule upande wa pili. Macho yakionekana vizuri, msaidizi atulie, nawe upige.

Upande mweupe hutoa mwanga mpole. Upande wa foili hutoa mwanga mkali, nao unafaa msaidizi akiwa mbali. Msiutupe mwanga wa foili moja kwa moja machoni, hasa mwa wazee na watoto. Wala ubao usiwekwe chini ya kidevu. Mwanga ukitoka chini, mtu huonekana kama anayemulikwa tochi usiku. Uwe usawa wa kifua au juu zaidi.

Neno moja mlishike. Ubao huu hauna mwanga wake. Unarudisha mwanga uliopo. Jua likizama, ubao ni boksi tu. Hili sisi tulijifunza kwa aibu.

Safari ya Kilosa

Masika yalikuwa yanakwisha. Tulikuwa wawili juu ya pikipiki, na ubao wetu umefungwa nyuma. Tulikuwa tunakwenda kijiji kimoja wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, kupiga picha za wahitimu kumi. Mmoja wao alikuwa bibi aliyeanza kisomo akiwa na umri uliopita miaka 60. Tangu azaliwe hajawahi kupigwa picha. Alikuwa ametuambia, "Nataka wajukuu wangu wajue bibi yao alikuwa na uso gani." Tukamwahidi kufika saa nane mchana, ili saa tisa jua likianza kulala tuwe tayari.

Tulifika njia panda kwenye mashamba ya mkonge. Simu ikasema tupinde kushoto. Pale tukakutana na mama amejitwisha kuni. Tukamsalimu. Akauliza, "Mnakwenda wapi, wanangu?" Tukamtajia kijiji. Akasema, "Huko daraja limekwenda na maji. Rudini, mpite njia ya juu, kwenye miembe."

Tulimshukuru, lakini hatukumsikiliza. Mwenzetu alimwonyesha simu akasema, "Mama, hii inaongozwa na setilaiti." Yule mama alitutazama, akaweka sawa mzigo wake, akasema, "Haya, mfike salama."

Tulikwenda. Tulipofika mtoni, daraja halikuwepo. Zilibaki nguzo mbili tu, na maji mekundu yanapita kwa nguvu. Simu bado ilikuwa inasema, endelea moja kwa moja.

Tukageuza. Sasa mtandao ukakatika, na ramani ikabaki karatasi tupu. Njia za mashamba ya mkonge ni nyingi, zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, na zote zinafanana. Tulirudi mahali pale pale mara tatu. Mafuta yakaanza kupungua. Mwishowe kijana mmoja mchungaji alituongoza mpaka kwenye ile njia ya miembe.

Tulifika kijijini saa moja kasoro. Jua lilikwisha zama. Watu tisa walikuwa wamekwisha rudi makwao. Bibi alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, nje ya darasa, amevaa kanga mpya. Tuliinua ubao wetu. Hakuna kitu. Tulijaribu taa ya simu, naye akafumba macho kwa ukali wake.

Akasema, "Acheni, wanangu, mtakula kwanza." Kisha akauliza taratibu tu, "Kwani njiani hamkukutana na mtu wa kumwuliza?"

Hatukuwa na la kujibu.

Simu inajua nini?

Ndugu zangu, hatusemi simu ni mbaya. Hebu tuielewe inavyofanya kazi.

Juu angani, kiasi cha kilometa 20,000 kutoka ardhini, kuna setilaiti zinazoizunguka dunia. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa Marekani, unaitwa GPS. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo wote ulikamilika mwaka 1995. Siku hizi Urusi, China na nchi za Ulaya nazo zina mifumo yao. Kila setilaiti hutuma habari kwamba sasa ni saa fulani, nami niko mahali fulani. Simu ikizisikia setilaiti nne au zaidi, hupima muda habari hizo zilivyochukua njiani, kisha hukokotoa mahali ulipo. Mahali peupe, bila majengo marefu wala miti mingi, mara nyingi hukosea kwa meta chache tu.

Kwa hiyo simu yetu haikukosea mahali tulipokuwa. Tulikuwa pale pale ilipoonyesha. Kosa lilikuwa kwenye ramani. Setilaiti haichori barabara, wala haiambii simu kwamba daraja limevunjika. Ramani huchorwa na watu, nayo huingia simuni kwa njia ya mtandao. Daraja likienda na maji leo, na mtu asiibadilishe ramani, simu itaendelea kukupitisha hewani.

Mnaona sasa? Ramani ni kama ule ubao wa boksi. Ubao hurudisha mwanga uliopo, na ramani hurudisha habari zilizowekwa. Mambo ya juzi na jana anayo mwenyeji.

Wala msidhani ni sisi wa vijijini tu tunaopotea. Mwaka 2012, huko Australia, wanafunzi watatu kutoka Japani walifuata chombo cha namna hii ili wafike kisiwa cha North Stradbroke. Chombo hakikuwaambia kwamba mbele yao ni bahari. Waliingia na gari kwenye matope wakati maji yamekupwa. Gari likanasa, na maji yakajaa. Wao walitoka salama kwa miguu, lakini gari liliharibika. Mvuvi yeyote wa pwani yetu angewaonya.

Asubuhi yake

Tulilala kijijini. Asubuhi jua lilipochomoza, Bibi alikaa kwenye kigoda chake, jua nyuma yake. Mjukuu wake alishika ubao, upande mweupe. Macho yakaonekana, makunyanzi yakaonekana, na kanga ikaonekana mpaka jina lake. Tukampa simu aitazame. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe nimefanana na mama."

Furaha ile ilikuwa ya mmoja. Wale tisa walikuwa wamekwenda mashambani alfajiri, na picha zao tulizipata mwezi uliofuata. Hiyo ndiyo gharama ya kumdharau mama wa kuni. Tulipokuwa tunarudi tulimkuta, tukamwomba radhi. Alicheka akasema, "Simu yenu haijui masika na kiangazi."

Mambo ya kushika

1. Kabla ya safari, uliza watu wawili wanaoipita njia ile. Kuuliza si ujinga.

2. Sasa mnajua kuandika. Andikeni kwenye daftari alama za njia: mwembe, shule, kisima, njia panda. Daftari halihitaji mtandao.

3. Ukitumia simu, hifadhi ramani ukiwa bado kwenye mtandao, na uijaze chaji.

4. Wakati wa masika, ulizia madaraja na mito kwanza.

5. Simu na mwenyeji wakipingana, simama. Uliza mtu wa pili. Usiende kwa kuwa simu ni ya gharama na anayekuonya amebeba kuni.

Ndugu wanakisomo, hatukuja kuwafundisha tu. Njia ya kurudisha mwanga tulifundishwa na mama mwenye mfuniko. Njia ya kijijini tulielekezwa na mama wa kuni. Wa kwanza tulimsikiliza, tukapata picha. Wa pili hatukumsikiliza, tukapata giza. Tuendelee kusoma, na tuendelee kuulizana.



Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini picha ya saa sita mchana ilikataliwa?

2. Kwa nini foili hukunjwa kabla ya kubandikwa?

3. Simu ilijua nini, na haikujua nini?

4. Mgeni akija kijijini kwenu wakati wa masika, mtamwonya juu ya njia gani? Andika maelezo ya njia hiyo katika daftari lako, kuanzia njia panda mpaka nyumbani kwako.