Mtoto Hana Nuksi

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Isha, Kwa Mathias, Kibaha)

  

Ndugu zetu katika imani, tumelazimika kulizungumzia jambo hili kwa sababu limetokea katika safu zetu wenyewe. Kijana mmoja wa hapa hapa Kwa Mathias aliachishwa kazi kiwandani hali mkewe ana mimba ya miezi minane. Kwa majuma mawili alitoka nyumbani asubuhi kama kawaida, akashinda Maili Moja bila shughuli, kisha akarejea jioni. Mkewe hakujua. Nasi tuliosimama naye bega kwa bega katika sala hatukujua, kwani hatukuuliza. Habari zilipovuja, baadhi ya jamaa walisema kwamba mtoto anayekuja ana nuksi. Hata hajazaliwa, tayari amemfungia baba yake mlango wa riziki. Kijana alitujia akatuuliza, kwa sauti ya chini, iwapo hayo ni kweli.

Tulimjibu, na leo tunawajibu nyote: si kweli. Waarabu wa zama za Jahiliya waliwarusha ndege. Akiruka kulia husafiri, akiruka kushoto hurejea nyumbani. Mtume (S.A.W.) aliikataza itikadi hiyo. Sisi hatutazami ndege, lakini tunamtazama mtoto aliye tumboni, na kosa ni lile lile.

Mwenyezi Mungu amekataza kuwaua watoto kwa sababu ya umasikini katika Suratul-An'am aya ya 151, na tena katika Suratul-Israa aya ya 31. Aya hizo zinafanana sana, ila mpangilio wake una tofauti ambayo wanavyuoni wa tafsiri wameizingatia. Katika An'am anasemeshwa mzazi ambaye umasikini umekwisha mfika. Kwa hiyo ahadi ya riziki inaanza na mzazi, ndipo anatajwa mtoto. Katika Israa anasemeshwa mzazi anayeuogopa umasikini utakaokuja. Hapo ahadi inaanza na mtoto, ndipo anatajwa mzazi. Kijana wetu amefikwa na yote mawili, dhiki ya leo na hofu ya kesho. Basi aya zote mbili zinamhusu. Mtoto haji kula fungu la baba yake; anakuja na lake.

Hata hivyo, kumtegemea Mwenyezi Mungu si kukaa bure. Aliyefikwa na mtihani huu tunamuusia mambo matatu.

Kwanza, amweleze mkewe. Siri ya namna hii haimkingi mke na dhiki. Inamnyima tu nafasi ya kujiandaa.

Pili, adai haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi taarifa isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyetumikia miezi 12 mfululizo ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10, isipokuwa aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu. Anayeona amedhulumiwa apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Na sheria hiyo hiyo inakataza mwanamke kuachishwa kazi kwa sababu ya mimba. Kudai haki hakupingani na subira.

Tatu, aikimbie riba. Mikopo inayoitwa kausha damu imepewa jina linaloistahiki. Wala asikope kwa ajili ya akika. Kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi akika ni sunna, nayo ni kwa mwenye uwezo. Asiyekuwa nao hana dhambi.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliweka posho ya Baitul-Mali kwa mtoto aliyekwisha achishwa ziwa. Usiku mmoja alimsikia mtoto analia, akamuuliza mama yake. Mama, asiyejua anazungumza na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa mapema ili apate posho. Umar alilia, kisha akaamuru posho ianze tangu siku ya kuzaliwa. Hakumlaumu mtoto wala mama. Aliitazama kanuni yake mwenyewe, akaibadilisha.

Na sisi je? Usiku ule tulimpa kijana nasaha ya subira, tukamwombea dua, tukaagana. Alipokwisha ondoka ndipo tulipokumbuka kwamba hatukumuuliza kama nyumbani kuna unga. Zaka ina mafungu manane, na mafakiri na wenye madeni wamo. Yasiishie kuwa somo la kukariri darasani.

Kwa hiyo, baada ya sala ya alfajiri kesho, kila mmoja amsalimie aliye kuliani kwake na kushotoni kwake, kisha amuulize habari za kazi na za nyumbani, na angoje jibu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie waliofungiwa milango, awape wake zao uzazi wa salama, na asitufanye sisi kuwa kufuli. Amin.