Ufunguo wa Nyumba ya Mfanyakazi

(Haya ni mazungumzo yaliyokusudiwa wakulima, walimu na wafanyakazi wa mashamba. Twayachapa hapa ili wasomaji wetu wa mijini na wa mashambani wayapime wenyewe.)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, ila si kila mmoja amelifikiri: nyumba anamolala mtu afanyaye kazi mashambani. Sisemi juu ya nyumba ya mwenye shamba, wala ya mtu aliyerithi ardhi ya babu yake. Nasema juu ya yule mama achumaye chai, yule kijana akamuaye ng'ombe wa mwenziwe, na yule mwalimu aliyepelekwa kufundisha mbali na kwao. Watu hawa hulala katika nyumba ya nani? Na ikiwa kazi itakwisha kesho, je, watalala wapi?

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mtu akiisha kupewa jembe, akalima miaka ishirini, yafaa bado awe mgeni?

Katika Kenya jambo hili lina historia yenye uchungu. Kwa sheria ya mwaka 1918, Mwafrika aliyekaa na jamaa yake katika shamba la mlowezi alipaswa kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Watu hao waliitwa maskwota. Walijenga kwa mikono yao, wakalima, wakafuga, wakazaa watoto. Hata hivyo sheria ya mwaka 1937 iliwahesabu kuwa ni vibarua tu, si wapangaji. Mkataba ulipokwisha, haki ya kukaa ilikwisha pamoja nao. Nyumba ilikuwa mkia wa kazi, na kazi ilipoondoka, mkia ulifuata.

Sasa nawaomba tusafiri kidogo mpaka ng'ambo, maana shida hii si yetu peke yetu, na wako waliopata kuitengeneza. Katika nchi ya Ireland, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Uingereza, sensa ya mwaka 1841 ilionyesha kwamba karibu nyumba mbili katika kila tano zilikuwa vibanda vya udongo vya chumba kimoja. Kibarua wa shamba alikaa katika kibanda kama hicho kwa ridhaa ya mwenye shamba. Wakigombana, alitoka yeye na watoto wake.

Mwaka 1883 ilipitishwa sheria ya kuwajengea vibarua nyumba kwa fedha za umma. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Bodi za wilaya zilizokuwa zikiangalia maskini zilikopa fedha kutoka hazina ya serikali, zikanunua vipande vya ardhi, zikajenga nyumba imara. Kila nyumba ilikuwa na bustani ya nusu ekari, na tangu mwaka 1892 iliruhusiwa kufika ekari moja, ili mpangaji apande viazi na mboga zake. Kibarua alilipa kodi ndogo. Kodi hiyo haikutosha kurudisha gharama, na sehemu iliyobaki ililipwa kwa fedha za umma.

Msidhani kwamba mambo yalikwenda upesi. Katika bodi hizo wakulima wakubwa ndio waliokuwa na nguvu, na wao ndio waliotozwa kodi ya kulipia nyumba. Kwa hiyo pahali pengi kazi ilicheleweshwa. Hapo vibarua walitambua kwamba sheria haitembei yenyewe, lazima isukumwe. Mwaka 1894 waliunda chama chao. Mwaka 1898 sheria nyingine iliwapa kura katika uchaguzi wa halmashauri za wilaya, na halmashauri hizo ndizo zilizokabidhiwa kazi ya kujenga. Mwaka 1906 Bunge lilitenga mkopo wa pauni 4,250,000 kwa riba nafuu, ulipwe kwa miaka mingi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, nyumba zaidi ya 40,000 zilikuwa zimejengwa. Baadaye, nchi hiyo ilipokuwa imekwisha kujitawala, sheria ya mwaka 1936 iliwawezesha wapangaji kuzinunua.

Angalieni jambo lililobadilika hasa. Mawe na vigae ni vitu vizuri, lakini jambo kubwa lilikuwa ufunguo. Ulitoka mfukoni mwa tajiri ukaingia mfukoni mwa mfanyakazi. Akifukuzwa kazi, alitafuta kazi nyingine huku watoto wake wakilala palepale.

Turudi kwetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo, au amwongezee mshahara fedha za kutosha kulipia kodi. Hiyo ni hatua njema. Lakini nyumba inayotoka kwa mwajiri bado hufungwa siku kazi inapokwisha.

Tena iko Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi hukatwa shilingi moja na senti hamsini katika kila shilingi mia za mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kilekile. Mchuma chai aliyeandikwa kazi hukatwa sawasawa na karani wa Nairobi. Sheria yenyewe haikusahau mashamba: imetaja nyumba za watu wakaao nje ya miji, na imeamuru kila kaunti iwe na kamati ya nyumba za mashambani na mijini.

Wako watakaosema, "Mtu wa shamba ana ardhi kwao, na ajenge mwenyewe." Nawajibu kwamba ardhi iliyo mbali haimfuniki mtu usiku wa mvua. Muuguzi aliyepelekwa kijiji asichokijua, akikosa mahali pa kulala, ataomba uhamisho. Atakapoondoka, si yeye atakayeumia, bali mgonjwa.

Basi, ndugu zangu, hapana budi tufanye mambo matatu. Kwanza, tusome makato ya mshahara wetu na kuyaelewa. Pili, tuijue kamati ya kaunti yetu, twende mikutanoni, tuulize ni nyumba ngapi zitajengwa karibu na mashamba, shule na zahanati, na kodi yake itakuwa kiasi gani. Tatu, tudai kwamba nyumba zijengwazo kwa fedha za umma zisiwe mali ya mwajiri yeyote.

Vibarua wa Ireland walingoja zaidi ya miaka ishirini tangu sheria ya kwanza mpaka fedha za kutosha zilipopatikana. Sisi twaweza kufupisha safari hiyo, ikiwa hatutanyamaza. Mtu aliyechangia tofali ana haki ya kuuliza ukuta umefika wapi.