Ufunguo wa Kabati la Vitabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maktaba na usomaji wa watoto na vijana, tena nisizidishe nusu saa kwa kuwa pilau itapoa. Nitajitahidi.

Mimi na Maktaba Kuu ya Taifa tu rika moja. Nilizaliwa Kariakoo mwaka 1967, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu, pale ambapo leo inapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Yafaa ninyi vijana mjue hali ya nchi ilivyokuwa wakati ule. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, uhuru wetu ukiwa na umri wa miaka miwili tu. Mwaka 1967, katika kila watu wazima watatu, takriban wawili hawakujua kusoma. Mtu angeweza kuuliza, kwa nini nchi ya namna hiyo ijenge jumba la vitabu?

Jibu ni kwamba kusoma ni kama njia ya shambani. Isipopitwa huota majani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikaenea nchi nzima. Upimaji wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi watu 39 katika kila 100, na ule wa mwaka 1986 ukaonyesha kama 10 tu. Lakini aliyefundishwa kusoma leo akikosa cha kusoma kesho, baada ya miaka michache atarudi alikotoka. Ndiyo maana lilitolewa gazeti la Elimu Haina Mwisho, ndiyo maana zikafunguliwa maktaba za vijijini, na ndiyo maana Maktaba Kuu ikatengewa sehemu ya watoto, ambayo ipo hadi leo.

Sasa nitoke katika historia ya nchi niingie katika yangu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza karanga jioni kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga Mtaa wa Sikukuu, karibu na soko. Soko lenyewe, lile la ghorofa na shimoni lililobuniwa na Beda Amuli, lilikuwa jipya; lilifunguliwa mwaka 1975. Mama hakujua kusoma. Mwalimu wangu wa Darasa la Tano ndiye aliyenitilia saini fomu ya udhamini, nami nikawa mwanachama wa sehemu ya watoto. Kila Jumamosi nilikwenda kwa miguu, nikikata Viwanja vya Mnazi Mmoja, kitabu nimekifunga ndani ya mfuko wa nailoni nisikichafue. Nyumbani tulikuwa watu saba katika vyumba viwili. Pale maktaba palikuwa na kiti changu, meza, feni na ukimya. Wengine hapa mlikulia katika nyumba zenye mambo hayo, kwa hiyo huenda msielewe. Wenzangu wa Kariakoo wananielewa.

Mwaka 1979, nikiwa Darasa la Sita, niliazima Hekaya za Abunuwasi. Vita vya Kagera vilikuwa vimetumaliza. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na karatasi nayo imekuwa adimu. Magazeti ya zamani ambayo mama alizoea kuyanunua kwa kilo ili afungie karanga yalikuwa hayapatikani. Jioni moja nilirudi kutoka kucheza mpira Jangwani, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mbele yake sinia la karanga, na kitabu cha maktaba kimebaki jalada na kurasa chache za mwisho. Zilizobaki alikuwa amezikunja, amezijaza karanga na ameziuza.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Yeye aliona karatasi. Nilichukua lile jalada nikalificha chini ya godoro, na tangu siku hiyo sikukanyaga tena maktaba. Niliposikia askari wa jiji wanapita nilidhani wananitafuta mimi.

Lakini, ndugu zangu, kesho yake jioni likatokea jambo ambalo sijalisahau. Alikuja kuli mmoja wa sokoni, mtu mzima, kifua wazi, gunia begani. Akanunua karanga za senti hamsini, kisha akamkunjulia mama kikaratasi cha jana na kumuuliza, "Mama, kilichobaki kiko wapi? Nataka kujua kama huyu Abunuwasi alisalimika mbele ya Sultani." Mama akacheka, akanigeukia mimi. Ndipo nikaangua kilio, na habari yote ikatoka.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Jumamosi ikafika, akavaa khanga zake za kutokea, akafunga fedha kwenye pindo, akanishika mkono. Tulipofika mlangoni alisita. Akaniuliza, "Mimi niingie humu na kandambili?" Nikamwambia watu wote wanaingia. Akaingia. Akaliweka lile jalada juu ya meza ya mtumishi wa maktaba, akasema, "Mwanangu hana kosa. Kosa ni langu, sijui kusoma. Niambie ni shilingi ngapi."

Yule mtumishi, ambaye nasikitika sikuwahi kumjua jina, alitaja bei. Mama alikuwa na nusu yake. Wakakubaliana ailete iliyobaki mwisho wa mwezi, naye aliileta. Kisha mtumishi akaniuliza kwa nini nimeacha kuja. Nilipokosa jibu akamwambia mama, "Kitabu tutanunua kingine. Mtoto akishaacha kuja, huyo hauzwi dukani." Akaniruhusu kuazima tena siku ileile.

Toka siku hiyo mama alikuwa hakunji karatasi yoyote kabla ya kuniuliza, "Hiki ni kitabu au si kitabu?" Na jioni alinitaka nimsomee kwa sauti wakati anafunga karanga. Watoto wa nyumba ya pili wakaja kusikiliza, na yule kuli naye akawa anakuja. Baadaye mama alijiunga na darasa la kisomo. Sitawadanganya kwamba alikuwa msomi; aliishia kuandika jina lake na kusoma bei na barua fupi. Lakini barua zangu nilipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa alizisoma mwenyewe.

Hadithi hii nimekuwa nikiisimulia miaka mingi, na watu huifurahia. Leo nataka niseme sehemu ambayo huwa siisimulii.

Mwaka 1983, nikiwa Kidato cha Tatu hapahapa, nilichaguliwa kuwa kiranja wa maktaba. Wa rika langu mnakumbuka chumba kile cha mwisho wa korido, chenye makabati mawili ya mbao. Ufunguo nilikuwa nao mimi, nimeutundika shingoni kwa uzi. Vitabu vilikuwa vichache, na fedha za kigeni za kununulia vingine hazikuwapo. Nikajiambia kazi yangu ni kuhakikisha hakipotei hata kimoja. Mwanafunzi aliyetaka kusoma alisoma palepale, nusu saa, mimi nimesimama. Kuazima nilikataza. Alikuja kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwembamba, akaniomba riwaya aende nayo bwenini kwa usiku mmoja tu. Nilimwambia, "Ukiipoteza utalipa wewe?" Akaondoka, na sikumwona tena mlangoni kwangu.

Nilipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1984 nilikabidhi vitabu vyote, hesabu imetimia, na nikapewa zawadi mbele ya shule nzima. Nilijivuna sana. Ilinichukua miaka mingi kuelewa nilichokuwa nimefanya. Mtu alinisamehe kitabu kizima kilichoishia kwenye karanga, kisha mimi nikamnyima mwenzangu kitabu cha usiku mmoja. Kama kijana yule yumo humu ukumbini leo, namwomba radhi mbele yenu.

Ndugu Mwenyekiti, nasema haya kwa sababu juzi nilitembelea chumba kile. Makabati ni ya chuma sasa, na vitabu ni vingi kuliko vya zamani zetu. Lakini kufuli lipo palepale. Kiranja wa sasa, kijana mwenye adabu, aliniambia kwa fahari maneno yaleyale niliyoyasema mimi: "Mzee, hakijapotea hata kimoja." Simlaumu. Sisi ndio tuliomrithisha.

Wapo watakaosema kwamba zama za vitabu zimepita, kila kitu kimo katika simu. Simu ni chombo kizuri, lakini asiyejua kusoma vizuri hata simu itamsomea wengine. Ripoti ya Uwezo ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Serikali iliona tatizo hilo, na mwaka 2015 ukaanza mtaala uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya mwanzo. Hata hivyo, darasani mtoto hujifunza namna ya kusoma. Mazoea ya kusoma huyapata penye vitabu anavyovipenda na mtu wa kumsomea.

Tena Kariakoo yenyewe imebadilika. Nyumba zile za vibaraza zimekuwa maghorofa ya maduka, na familia nyingi zimehamia Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Mtoto wa huko hawezi kwenda Maktaba Kuu kwa miguu kama nilivyokwenda mimi. Basi hatuna budi kumsogezea kitabu alipo, na shule kama hii inaweza kuwa kituo kimojawapo.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, wanafunzi waruhusiwe kuazima. Daftari moja, kitabu kimoja kwa wiki mbili, jina na tarehe, basi.

La pili, kila Jumamosi asubuhi iwepo saa ya hadithi kwa watoto wa shule za msingi za jirani, na wasomaji wawe wanafunzi wetu wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Msomaji akisome kitabu peke yake kwanza, mara mbili, asije akakwama mbele ya watoto. Watoto wakae karibu waone picha. Afikapo katikati asimame, awaulize wanadhani nini kitafuata. Mwishoni kila mtoto achague kitabu aende nacho nyumbani. Nawaahidi kwamba atakayefaidika zaidi ni yule anayesoma kwa sauti.

La tatu, tusiwachagulie vijana vitabu vya mitihani peke yake. Sisi tulizoea kusoma kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kwa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, kitabu kilichotoka mwaka 1965. Walimu wengine waliviita vitabu vya kupoteza muda. Lakini aliyekesha akimtafuta muuaji katika riwaya, baadaye hakuogopa kurasa za Shaaban Robert.

La nne, fedha tulizochanga mwaka huu tununue vitabu vya Kiswahili vya watoto. Zamani vilikuwa haba, leo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umewasaidia wachapishaji wetu kutoa vitabu vingi vya aina hiyo na kuvifikisha shuleni.

Mwalimu Mkuu, najua hofu yako, kwa kuwa nimeibeba shingoni kwa uzi. Vitabu vitapotea. Vingine vitalowa mvua, vingine vitaliwa na panya, na huenda kimoja kikafungia karanga. Ni kweli. Basi naomba kumbukumbu za mkutano huu ziandike hivi: vitabu vyote vitakavyopotea katika mwaka wa kwanza, hesabu yake iletwe kwangu, nami nitailipa. Nikishindwa kuilipa kwa mara moja nitaleta nusu, na iliyobaki mwisho wa mwezi. Katika familia yetu tumekwisha kuzoea.

Nanyi vijana, mkiazima kitabu, kirudisheni. Kikiharibika, msikifiche chini ya godoro. Njooni mseme.

Pilau sasa ihudhuriwe.