Mikate ya Shayiri
Dominika ya 17 ya Mwaka B



Wapendwa wasikilizaji, masomo ya Dominika ya leo yanatuandalia chakula cha aina moja mara mbili. Katika somo la kwanza, kutoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, mtu mmoja anamletea nabii Elisha mikate ishirini ya shayiri na masuke mabichi ya nafaka, na watu mia moja wanakula hata wanabakiza. Katika Injili, mtoto mmoja ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na Bwana wetu anawashibisha watu elfu tano. Wainjili wote wanne wanatusimulia muujiza huo, lakini Yohane peke yake ndiye anayetueleza kwamba mikate ile ilikuwa ya shayiri.

Tusilipite neno hilo haraka. Katika nchi ile mwenye uwezo alikula mkate wa ngano. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini, na hata farasi walilishwa shayiri. Bwana hakumwambia mtoto yule akatafute chakula cha heshima zaidi. Alikipokea kile alichokuwa nacho, akamshukuru Baba, akawagawia watu.

Nasi tunayo shayiri yetu. Hapa Igalula, kando ya reli ya kati, wazee wetu waliishi kwa mtama, uwele na ulezi, na baadaye mahindi. Pamoja na hayo karanga, kunde, mlenda, asali ya misitu yetu, na michembe na matobolwa kwa miezi ya kiangazi. Nchi yetu ilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa miezi mingi, na posho ya mtu kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, iliyotwangwa au kusagwa kwa jiwe pale kambini. Hatusemi kwamba maisha yao yalikuwa ya raha. Wengi walifia njiani kwa njaa na kwa ndui. Lakini nafaka waliyoipata haikupitia mashine ya kukoboa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na baada yake zikaja mashine za kusaga na kukoboa. Mashine ni jambo jema, kwa maana imewapunguzia mama zetu kazi ya kinu. Lakini ilileta pia tamaa ya weupe. Leo mahindi hukobolewa, wakati mwingine mara mbili, ili ugali uwe mweupe kama pamba. Ugali wa dona umepewa majina ya dharau: chakula cha jela, chakula cha bweni. Mgeni akifika, mama mwenye dona peke yake huona aibu, hukimbilia dukani kununua sembe kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya daftari la mtoto.

Ndugu wapendwa, hebu tuitazame punje ya mhindi jinsi Muumba alivyoiumba. Nje lipo ganda, lenye nyuzinyuzi ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo. Ndani kipo kiini kidogo, ambacho ndicho huota mbegu ikipandwa. Kiini hicho ni kama sehemu moja tu ya kumi ya punje, lakini ndicho chenye karibu mafuta yote ya mhindi, pamoja na vitamini na madini mengi. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Tunapokoboa, tunaondoa ganda na kiini, tunabaki na wanga. Pumba tunawamwagia kuku. Basi katika nyumba nyingi kuku hula sehemu iliyo bora, na mtoto hula iliyobaki.

Kuku hao wamewahi kuwafundisha wataalamu. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java, ambako watu wengi waliteseka kwa ugonjwa wa beriberi, unaolegeza miguu na kuudhoofisha moyo. Aliona kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana walishikwa na udhaifu uliofanana na ugonjwa ule, na waliporudishiwa mchele usiokobolewa walipona. Baadaye ilijulikana kwamba vitamini B1 ilikuwa imetupwa pamoja na pumba. Mwaka 1929 Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Na hapa Afrika Mashariki walikuwapo madaktari wawili Waingereza. Hugh Trowell alitibu wagonjwa Kenya na Uganda kwa muda wa miaka 30 hivi tangu 1929, kisha akarudi kwao akawa mchungaji wa Kianglikana. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alifika Uganda mwaka 1946. Wote wawili walishangaa kuona kwamba magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Ulaya, kama vile kufunga choo, bawasiri na kidole tumbo, yalikuwa adimu kwa watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1975 walitoa kitabu kuhusu jambo hilo. Si kila walilodhani limethibitishwa, lakini mengi yamepata nguvu. Nafaka nzima humeng'enywa polepole, na sukari haipandi ghafla katika damu. Husaidia kuzuia kisukari na magonjwa ya moyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wanga tunaokula utoke hasa katika nafaka nzima, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kila siku.

Zamani kisukari na shinikizo la damu viliitwa magonjwa ya wakubwa wa mjini. Leo tunawapelekea Komunyo Takatifu wagonjwa wa magonjwa hayo katika vijiji vyetu wenyewe, na baadhi yao wamekwisha kukatwa mguu.

Pamoja na hayo tuseme kwa kiasi. Kula sembe si dhambi. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni, wala si kile kinachoingia kinywani. Tena dona si dawa ya kisukari: mgonjwa asiache vidonge vyake wala kwenda zahanati. Na nafaka nzima yataka uangalifu. Kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wa dona huharibika upesi kuliko sembe. Tusage kidogo kidogo, wa juma moja au mawili. Mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, yasilazwe juu ya udongo, na yenye ukungu yaondolewe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yenye ukungu asipewe mtu, wala kuku.

Makatekista wapendwa, nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo na akina mama wa WAWATA, tunawaomba jambo moja. Siku ya mikutano na sherehe zetu za parokia, upikwe ugali wa dona au wa mtama, uliwe na wote, padre akiwa wa kwanza. Uji wa watoto uwe wa ulezi au wa dona, utiwe karanga zilizopondwa. Mwenye michembe asiifiche mgeni anapobisha hodi. Heshima ya mgeni ni moyo tunaompokea nao, na hilo Wanyamwezi walilijua kabla ya kuwapo mashine yoyote.

Watu waliposhiba kule mlimani, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye makombo ili kisipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate bila kikomo hakuruhusu hata kipande cha shayiri kitupwe. Je, sisi ambao mikate yetu haizidi, tutaendelea kutupa kiini cha punje aliyotupatia, ili tu tuonekane watu wa maana?

Mungu Mwenyezi aibariki mikono inayolima na inayopika, awape watoto wetu afya ya mwili na ya roho, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.